Hatua Kumi na Moja Hadi kwa Fundi

Ipo nchi moja, wala usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana maombi yake ya kuchorwa kwenye ramani bado yanafanyiwa kazi. Inaitwa Jamhuri ya Mchakato. Ni nchi ya amani, yenye ng'ombe wengi, na yenye mihuri mingi kuliko ng'ombe. Watu wake ni wavumilivu mno. Ukimkanyaga mtu wa Mchakato mguu, hakwambii uutoe. Anakuuliza utautoa kupitia ofisi gani.

Katika nchi hiyo, kwenye mji wa Mwendapole, lilikuwepo Shirika la Maziwa la Umma, na humo alifanya kazi mama mmoja aitwaye Siwema Kihongo, mkuu wa mapokezi. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuisema: wafugaji wakileta maziwa asubuhi, ayapime, ayaandike, ayaingize kwenye tangi la baridi kabla jua halijayaharibu. Kwa miaka kumi na tisa aliifanya kwa kalamu, daftari na pua yake. Alikuwa akifunua kopo, akinusa mara moja, anakwambia ng'ombe wako alilala wapi jana.

Kisha ukaja Mfumo.

Mfumo huo wa kompyuta wa kupokea maziwa ulinunuliwa kutoka kwa kampuni iitwayo Teknolojia Tukufu, kwa mkataba wa kurasa mia nne na kumi na mbili, uliosainiwa na wakubwa wawili ambao kila mmoja aliamini mwenzake ameusoma. Walipeana mikono, wakapigwa picha, na hawakuonana tena. Ndani ya mkataba huo mlikuwa na kifungu cha themanini na nane, kilichosema fundi wa kampuni ataishi ndani ya uwanja wa shirika ili awe karibu na wateja saa zote. Kifungu cha themanini na tisa kilisema fundi huyo hatazungumza na mteja yeyote, ili mahusiano yasiharibike.

Kwa hiyo lililetwa kontena la bluu, likawekwa uani, na ndani yake akawekwa fundi: Ombeni Lyatuu, mwanamume wa makamo mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi. Kutoka dirisha la Siwema hadi mlango wa kontena zilikuwa hatua kumi na moja. Siwema alimwona kila siku akianika shati lake la pili. Hakujua jina lake. Kwenye barua aliitwa "Mtoa Huduma," na Siwema kwenye barua aliitwa "Mtumiaji," majina ambayo mama zao wasingeyatambua.

Mfumo ukisumbua, Siwema aliandika barua. Barua ilikwenda kwa Mkurugenzi, ikatoka kwa Mkurugenzi ikapanda gari la moshi kwenda makao makuu, ikaingia Wizara ya Mahusiano, ikapigwa mihuri mitatu, ikavuka barabara kwenda Teknolojia Tukufu, ikatafsiriwa kutoka lugha ya malalamiko kwenda lugha ya kiufundi, ikapanda tena gari la moshi, ikafika Mwendapole, ikateremshwa mlangoni pa kontena. Siku thelathini na nne. Majibu nayo yalirudi kwa njia ile ile, siku nyingine thelathini na nne, na karibu kila mara yalisema: "Zima, kisha washa."

Ndivyo walivyoishi, kwa heshima na utulivu, mpaka toleo jipya la Mfumo lilipowasili.

Asubuhi ya toleo jipya, mfugaji wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee mmoja mwenye baiskeli. Siwema akawasha kioo cha Mfumo. Kioo kikaandika kwa herufi za kijani: KARIBU, MTOA MAZIWA. UMEZAA MARA NGAPI?

"Mimi?" mzee akauliza.

"Ndivyo kinavyouliza, mzee wangu."

"Mke wangu amezaa mara sita."

Siwema akaandika sita. Kioo kikafikiri, kisha kikauliza: PEMBE ZAKO ZIMEKATWA AU ZIPO?

Mzee akavua kofia, labda kwa heshima, labda ili aonyeshe. Mwishowe kioo kikamtaka mtoa maziwa aguse kwa pua yake kijisahani cheusi kilichokuwa kimefungwa ukutani, kwa ajili ya utambuzi. Mzee akainama akagusa. Taa nyekundu ikawaka. PUA HAITAMBULIKI. MAZIWA YAMEKATALIWA. Mlango wa chumba cha tangi, ambao sasa ulitii Mfumo tu, ukabaki umefungwa.

Hadi saa tano asubuhi, pua mia moja na tatu za wananchi zilikuwa zimekataliwa, na maziwa yakaanza kuchacha kwenye makopo. Siwema aliyanusa kutoka mbali, akahisi kama mtu anayesikia jirani akilia.

Mkurugenzi wa shirika aliitwa Daktari Mhandisi Balozi Kasiano Mtutuma. Udaktari alipewa na chuo kimoja kwa heshima, uhandisi alipewa na mjomba wake, na ubalozi alipewa ili aondoke nchini kwa muda fulani. Alisoma taarifa ya Siwema akiwa amesimama dirishani.

"Bi Siwema," alisema, "Mfumo hauwezi kukosea. Umenunuliwa. Kama unataka pua, basi tatizo ni kwamba tumeupa pua zisizo sahihi. Soma hapa: mtoa maziwa. Nani hutoa maziwa?"

"Mfugaji, Mkurugenzi. Ndivyo tulivyoandika sisi wenyewe kwenye orodha ya mahitaji."

"Mfugaji hatoi maziwa. Mfugaji huleta. Anayetoa ni ng'ombe." Akageuka, uso ukiwa umeng'aa kama mtu aliyegundua mto. "Wafugaji waje na ng'ombe!"

Na kwa kuwa Mchakato ni nchi ya watii, kesho yake wafugaji walikuja na ng'ombe. Foleni ilianzia kwenye kijisahani cheusi, ikatoka getini, ikapita mahakama ya mwanzo, ikazunguka ofisi ya posta na kuishia kwenye uwanja wa mpira. Ng'ombe mmoja alikula kitabu cha wageni. Mwingine aliingia ofisi ya utumishi, akasimama mbele ya meza, na inasemekana alihudumiwa. Lakini, ukweli usemwe, pua zilikubalika. Kila ng'ombe alipogusa, taa ya kijani iliwaka na kioo kikasema AHSANTE KWA UAMINIFU WAKO. Wiki ilipoisha Mkurugenzi alituma taarifa makao makuu kwamba Mfumo unafanya kazi kwa asilimia mia. Hakutaja kwamba kwa siku nzima walipita ng'ombe hamsini, na waliobaki walirudi nyumbani na maziwa yaliyoganda na kwato zilizochoka, na kwamba shule za msingi nane za mji ule zilikuwa zimekunywa maji badala ya maziwa wakati wa mapumziko kwa wiki nzima.

Siwema aliandika barua. Akahesabu siku kwa vidole, akaona kwamba jibu likija, litakuja baada ya miezi miwili na ushee. Akaandika nyingine, kuikumbushia ile ya kwanza.

Serikali haikulala. Wizara ya Mahusiano, ikiongozwa katika jambo hili na Kamishna Adelhelm Pindua, ilitangaza Wiki ya Kuboresha Mahusiano Baina ya Taasisi na Watoa Huduma za Teknolojia. Siwema alitumwa kuhudhuria. Alipewa fulana iliyoandikwa MIMI NA MTOA HUDUMA WANGU NI DAMU DAMU, akaingizwa katika ukumbi mkubwa uliojaa watu wa taasisi. Watoa huduma walikuwa katika ukumbi mwingine, ng'ambo ya mji, ili kuepusha mgongano wa maslahi.

Kamishna Pindua alipanda jukwaani. Alikuwa mtu mnene wa sauti, mwembamba wa mwili.

"Ndugu wajumbe! Uhusiano ni nini? Uhusiano ni daraja! Na daraja ni nini? Daraja ni mradi! Na mradi bila kamati ni nini?"

"Ni hatariii!" ukumbi ukaitika, maana ilikuwa imeandikwa kwenye ratiba.

Mchana walifanya mazoezi ya kupeana mikono na watoa huduma. Kwa kuwa watoa huduma hawakuwepo, kila mjumbe alinyoosha mkono hewani, akatikisa mara tatu na kusema, "Nakuelewa." Siwema alinyoosha mkono wake, akatikisa, akasema. Kisha akautazama mkono ule, akaona aibu, akaurudisha mfukoni.

Aliporudi Mwendapole alikuta foleni imefika mbele ya hospitali.

Asubuhi hiyo alikuwepo bibi mmoja aitwaye Ndeonasia, mjane wa mlimani, ambaye Siwema alikuwa akipokea maziwa yake tangu siku ya kwanza ya kazi yake. Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja tu, jina lake Tausi, na Tausi alikuwa na mimba kubwa na hakustahili kutembezwa hata kwenda kisimani. Walikuwa wametoka nyumbani mchana wa jana yake, wakapumzika njiani kwa watu. Maziwa yenyewe yalikuwa ya jirani yake mgonjwa, lita nne, ila kwa kuwa ng'ombe wa jirani alikuwa mkali, bibi alimleta Tausi amwazime pua.

Hatua chache kabla ya kijisahani, Tausi alipiga magoti, akalala ubavu, akakataa kunyanyuka.

Siwema alitoka mbio. "Shikamoo bibi. Mungu wangu, bibi, kwa nini umemleta huyu?"

"Marahaba, mwanangu. Si mmesema tuje na ng'ombe?" Bibi alikuwa amekaa chini, kichwa cha Tausi mapajani, akimpangusa macho kwa ncha ya kanga. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Siwema. "Nilijiuliza mimi, hawa waliosoma pua ya ng'ombe wanaitakia nini? Nikasema, Siwema yupo. Lisingekuwa na maana, Siwema angewaambia."

Siwema alisimama. Alitazama barabara ndefu ya ng'ombe. Alitazama ofisi ya Mkurugenzi, ambako pazia lilikuwa limefungwa. Kisha akatazama kontena la bluu, na mtu aliyekuwa mbele yake akianika shati.

Akaanza kutembea. Ilimshangaza jinsi uwanja ulivyokuwa mfupi.

"Hodi," alisema.

Fundi alishtuka hata shati likamwanguka. Akatazama kulia na kushoto. "Mama, hairuhusiwi. Kifungu cha..."

"Nakijua. Mimi naitwa Siwema Kihongo. Wewe ndiye uliyetengeneza Mfumo uulize watu kuhusu pembe?"

Mtu yule akakaa kwenye ngazi ya kontena kama aliyekatwa kamba. "Naitwa Ombeni," alisema taratibu. Sauti yake ilikuwa na kutu ya mtu asiyezungumza. "Mama, nami nimelelewa kwenye boma la ng'ombe. Orodha yenu ilipofika imeandikwa 'Mfumo umtambue mtoa maziwa,' nilijua kuna jambo haliko sawa. Nikamwambia meneja wangu, nadhani wanamaanisha binadamu. Akaniambia, mteja haulizwi maswali yanayomwonyesha kwamba hajui anachotaka. Nikapewa onyo. Nikatengeneza pua." Akainua uso. "Pua ni kazi ngumu sana, mama. Ilinichukua miezi mitano."

"Ni nzuri," Siwema akakiri. "Haikosei kabisa. Lakini mtoa maziwa ni mfugaji, baba. Mwenye kopo."

"Mfugaji." Ombeni alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja sukari baada ya ugonjwa. "Basi. Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo tu. Na kitu kingine: kwa nini Mfumo hulala kila Jumatatu?"

"Hilo ningependa nikuulize wewe. Kila Ijumaa saa tisa kuna mtu huko kwenu anayekata umeme wa kontena. Mashine hufa. Jumatatu naamka nazifufua moja moja mpaka saa nne. Nimeandika barua tisa: tafadhali mtafuteni adui huyu."

Waraka wa kubana matumizi ulimtaka mkuu wa mapokezi azime kila swichi isiyojulikana kazi yake kabla ya kwenda nyumbani Ijumaa. Palikuwa na swichi moja ukutani, haina maandishi, naye kwa miaka mitatu alikuwa akiizima Ijumaa na kuiwasha Jumatatu kwa kidole chake mwenyewe, akijisikia raia mwema.

"Adui ni mimi," alisema.

Wakatazamana. Kisha Ombeni akacheka, kicheko kilichoanza kama kikohozi, na Siwema akacheka, na ng'ombe wa karibu wakageuza vichwa.

Ombeni hakuwa amewahi kuingia chumba cha mapokezi. Aliingia sasa kama mtu anayeona mtoto wake kwa mara ya kwanza akiwa tayari ana meno. Aliona kioo kimewekwa juu mno kwa wanawake waliobeba makopo. Aliona jua linavyokipiga asubuhi, maandishi yakapotea. Aliona mikono iliyolowa maziwa ikihangaika na vitufe. Hakusema mengi. Alikuwa akisema tu, "Aa. Aaa. Kumbe." Kisha akafungua kompyuta yake, Siwema akakaa kando yake, akauliza, akajibiwa, akauliza tena. Chai ilipoletwa kikombe kimoja walikunywa kwa zamu. Hata haikupoa.

Baada ya dakika arobaini, kioo kiliandika: KARIBU. JINA LA MFUGAJI?

Wa kwanza kuingia alikuwa bibi Ndeonasia. Mlango wa tangi ulifunguka. Lita nne za jirani mgonjwa zikapita. Hadi saa sita mchana makopo yote yalikuwa yamepokelewa, Tausi amenyanyuka na kupelekwa kivulini, na lori la shule limeondoka likiwa limejaa.

Ukweli wa namna hiyo haufichiki. Siku ya tatu alifika Kamishna Pindua mwenyewe, na tume ya watu saba.

Tume ilikaa ukumbini. Siwema na Ombeni waliwekwa pande mbili za ukuta wa mbao, ili wasiendelee.

"Bi Siwema," Kamishna alisema, "unatuhumiwa kwa uelewano usio na kibali. Je, ni kweli kwamba tarehe iliyotajwa ulizungumza na mtoa huduma, mdomo kwa sikio, na tatizo likaisha?"

"Ni kweli, Mheshimiwa."

Wajumbe wakanong'onezana. Mmoja alifuta miwani.

"Unajua uzito wake? Tatizo hilo lilikuwa na kamati mbili. Lilikuwa na fungu lake la semina. Lilikuwa na mtaalamu kutoka ng'ambo ambaye yuko angani hivi tunavyoongea. Leo anatua, anakuta nini?"

"Maziwa, Mheshimiwa."

Mkurugenzi Mtutuma, aliyekaa mbele kabisa, akasimama kusema kwamba yeye siku hiyo pazia lake lilikuwa limefungwa.

Tume ilijadiliana hadi chakula cha mchana, na baada ya chakula Kamishna akasoma uamuzi. Kwa kuwa marekebisho yalifanyika nje ya utaratibu, marekebisho hayo hayapo. Mfumo urudishwe katika hali yake halali ya kudai pua, kisha mchakato wa kuurekebisha uanze upya, kwa barua. Mtumiaji na Mtoa Huduma wapewe siku saba kutekeleza, la sivyo kazi hawana.

Siwema alikuwa na watoto wawili chuoni. Kazi nyingine hakuijua. Lakini mbele ya macho yake alimwona bibi kizee amekaa vumbini akimpangusa ng'ombe machozi, akisema Siwema angewaambia.

"Tutatii, Mheshimiwa," alisema.

Nyuma ya mbao Ombeni alikohoa kwa mshangao.

"Naomba jambo moja tu. Sisi tumekosa kwa kufanya kazi bila maandishi. Hatutaki kurudia kosa. Tupewe amri kwa maandishi. Iseme: mimi fulani, wa cheo fulani, naamuru mashine iliyokuwa ikipokea maziwa ya watoto wa shule iharibiwe, ili maziwa yasipokelewe. Iwe na jina kamili, saini na muhuri. Tukiipata saa mbili, saa tatu tutakuwa tumemaliza."

Wajumbe wakaweka kalamu zao mezani.

"Ni sawa kabisa," Kamishna Pindua alisema. "Ni takwa la msingi. Mkurugenzi ataisaini."

"Mimi?" Mkurugenzi Mtutuma alisema. "Mimi husaini kwa niaba. Asaini anayeniagiza."

"Mimi ni mshauri," alisema Kamishna.

"Mimi nilikuja kuandika kumbukumbu," alisema mjumbe wa pili.

"Mimi ni dereva," alisema mjumbe wa saba, na ikabainika kwamba kweli alikuwa dereva.

Amri ikaandikwa vizuri sana, kwenye karatasi nene, na mahali pa saini pakaachwa nafasi. Ikapelekwa wizarani. Waziri akaipeleka kwa Mwanasheria wa Jamhuri atoe maoni; Mwanasheria akaituma kwa Baraza la Mihuri; Baraza likairudisha Mwendapole, kwa Mkurugenzi, ambaye aliugua papo hapo. Umepita mwaka na miezi minne sasa, na karatasi ile inaendelea kutembea, imeongezewa viambatisho hata inabebwa na watu wawili. Katika kitabu cha serikali Mfumo wa Mwendapole unahesabiwa kuwa uko kwenye matengenezo. Maziwa yanaingia kila asubuhi, na shule zimesahau zile wiki za maji.

Ombeni huvuka uwanja akitaka kuuliza kitu, na Siwema huvuka akitaka kujibu. Wamegombana mara mbili, mara moja vibaya, kuhusu vipimo vya lita, na Siwema ndiye aliyekuwa na makosa.

Mwezi uliopita alikuja mgeni mapokezini, bwana mmoja aliyevaa tai, jina lake Lupituko Senzota, mkuu wa maghala ya Shirika la Mbolea. Alifunga mlango nyuma yake kabla ya kusema.

"Dada, nimekuja kwa siri. Mfumo wetu umekataa kutoa mbolea tangu mvua za mwaka jana. Unasema ardhi haijajisajili. Wakulima wanalia. Nimesikia ninyi hapa mlifanya kitu. Mlifanyaje?"

"Nilimfuata fundi, tukaongea."

Senzota alitoa daftari, akaandika. "Kuongea," alirudia. "Kuna fomu?"

"Hakuna."

"Mliongea kupitia nani?"

Siwema alimtazama, akaona mtu mwema aliyechoka, akamhurumia. Akavua koti lake la mapokezi, akamwita Ombeni ashike zamu, akaingia kwenye gari la mgeni.

Kwenye ua wa maghala ya mbolea palikuwa na pikapu kuukuu, imeegeshwa chini ya tangi la maji, na ndani yake amekaa mtu mwenye kompyuta mapajani.

"Yule ni nani?" Siwema aliuliza.

"Yule?" Senzota alifikiri. "Yupo hapo miaka miwili. Nilidhani analinda pikapu."

Siwema alikwenda akagonga kioo. Mtu akakiteremsha kidogo kidogo, kama anayetarajia kupigwa.

"Fundi, habari za saa hizi. Shuka, baba. Huyu bwana ana jambo anataka kukuuliza." Kisha akarudi nyuma, akaegemea nguzo ya tangi.

Wanaume wawili walisimama wakitazamana kwenye jua. Senzota alifungua daftari, akalifunga. Alirekebisha tai. Alitazama nyuma kama kuna mtu wa kumtangulia, hakuna. Akanyoosha mkono, safari hii si hewani.

"Samahani, ndugu yangu," alisema. "Hivi wewe unaitwa nani?"